Unga Mweupe Chini ya Bakuli

Mtaa wa Nyuma ya Stesheni,
Luohe.
15 Novemba 2016

Mpendwa Dada Chunxia,

Hujambo huko Harbin? Shemeji hajambo? Na mtoto je, meno yameshatoka? Najua theluji imewafunika, vaa soksi mbili. Mimi mzima, bado nauza mayai ya chai pale mlango wa stesheni. Mwandiko nisamehe; darasa la tano lilinifukuza, au mimi ndio nililikimbia, hatujaelewana mpaka leo.

Mama haumwi, ila amechoka mpaka mifupa. Hata kwenda kucheza dansi na wenzake uwanjani ameacha.

Ni habari ya mdogo wetu Baolin. Unakumbuka tulivyokubaliana sote watatu: maadamu anakataa dawa za ule ugonjwa wake wa kusikia sauti, basi Mama amsagie kwenye uji wa mtama. Mwaka mzima ilikwenda vizuri. Sauti zikanyamaza. Mwezi uliopita akakuta unga mweupe chini ya bakuli. Hakupiga kelele. Aliweka kijiko, akamwambia Mama, "Kumbe ni wewe."

Tangu siku hiyo chakula cha Mama hagusi. Ndizi na mayai ya kuchemsha basi, tena amenye mwenyewe. Ya kwangu hataki, maana ganda lazima ulipasue ili chai iingie, naye anasema penye ufa pana mkono wa mtu. Nikamtania, "Bwana mdogo, utaanza kutaga." Zamani angenirushia kiatu. Sasa aliendelea tu kumenya yai lake. Dada, suruali sasa anaifunga kwa kamba.

Mama alitaka tumrudishe hospitali. Nikasema subiri. Jumapili nikakaa naye nikamwambia yote: dawa gani, nani alisaga, tangu lini. Mama yuko jikoni analia, "Shuanzhu, utamuua mdogo wako!" Baolin akasema nimpe hicho kidonge akione. Akakigeuzageuza kiganjani.

"Kidogo hivi? Na nyie watu wazima mkashindwa kuniambia?"

Akameza. Jana pia kameza. Leo kakataa, lakini amekula uji nusu bakuli, baada ya kubadilishana bakuli na mimi.

Halafu akaniuliza, "Dada naye alijua?" Mimi wateja nawadanganya kila siku kwamba mayai ni ya leo. Hili lilinishinda. Nikamwambia, alijua.

Simu haziamini, anasema zinamsikiliza. Kwa hiyo mwandikie, kwa mkono wako, jina lake juu ya bahasha. Usiseme tulifanya kwa kumpenda. Hilo nilishamwambia, akanijibu, "Mngenipenda mngeniuliza." Sema ulijua, umwombe radhi, basi. Asipokuamini wewe, Dada, hatakuwa na mtu aliyebaki. Nilimwambia utamwandikia; tangu asubuhi amekaa mlangoni. Tarishi akipita anamsimamisha, na hii yangu hata stempu sijabandika.

Msalimie sana shemeji na mama mkwe. Mbingu iwafunike kwa heri, na mtoto akue mnene.

Nduguyo akupendaye sana,
Shuanzhu