Mawe Niliyoyatoa Soksini

Shamba la Hvammur,
Aislandi.
14 Septemba 1883

Mpendwa mdogo wangu Steinar,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Kopenhageni? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini samaki wake mkavu bado anamla, na kugombana na watu hajaacha.

Kitabu chako cha safari kimefika. Mchungaji Bessi alitusomea huku tukisokota sufu. Pale farasi alipokutupa mtoni, watu walicheka mpaka machozi! Ila alipofika kwenye lile jiwe lenye kombe la baharini, ulilosema limetoka kilele cha mlima wetu Grakolli, na kwamba linaonyesha zamani bahari ilifika juu kule, mimi niliinuka nikatoka nje. Nilishindwa kukaa.

Steinar, nimekukosea. Unakumbuka mwaka juzi ulituachia mawe yako, ya kila mahali na soksi yake, na kikaratasi cha jina la mahali ndani? Ulipokwenda kusini, theluji iliwakuta wanaume mlimani wakikusanya kondoo. Mume wangu Ketill na wenzake watatu walirudi wamelowa chapachapa. Akaniambia, "We Hallbera, watu tunakufa baridi, na mawe yamevaa soksi?" Nikamwaga soksi nane mezani, mojawapo ikiwa na mawe ya ufukweni na nyingine ya Grakolli. Karatasi zikachanganyika. Baadaye niliyapanga kwa kubahatisha tu, nikijiambia jiwe ni jiwe.

Soksi sizijutii, vidole vya Ketill viko vyote kumi. Najutia ile siku uliporudi ukanishukuru kwa kukutunzia mawe, nami nikaitikia, "Karibu." Aibu ilinifunga mdomo, na mpaka leo inanila.

Juzi nilipanda Grakolli na Ketill, tukapekua kutwa nzima. Hatukuona hata kombe moja.

Mchungaji anasema maprofesa wako watakuja kiangazi kijacho kupakagua mahali hapo. Jamani, watakucheka, na kosa si lako! Waambie kabla hawajapanda meli. Usilifiche jina langu: taja Hallbera binti Odd, wa Hvammur. Mama nimeshamweleza. Tangu Jumapili hasemi nami.

Msalimie sana mkeo Karen. Ketill anakusalimu, na Mchungaji pia. Mungu akutangulie mbele ya wakubwa hao.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata usiponijibu,

Hallbera