Rola ya Tatu Upande wa Kulia

Aabo,

Nakuandikia, baba yangu, kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu nakisema vizuri lakini kukiandika kunanishinda, na Kiingereza ndicho nilichokukosea nacho. Nitafika huko. Nipe muda, unajua mimi siongei haraka.

Ni wiki sita tangu kreni ianguke pale kwenye laga, ule mto mkavu, barabara ya Dadaab, wewe ukiwa ndani. Mama bado yuko eda, hatoki, ananituma mimi hata chumvi. Abti, mjomba wangu, kaka yake, ndiye anayetusemea kila mahali. Anakuja karibu kila siku baada ya Alasiri na maziwa ya ngamia, anauliza kama tumekula, halafu anauliza lile lile, akiniita Abti kama ninavyomwita yeye: "Abti, baba yako hakuacha daftari yoyote?" Mara ya kwanza nilidhani ni huzuni. Mara ya nne nikaanza kufuata macho yake. Yanaenda kwenye begi langu la shule.

Kampuni inasema kosa ni lako. Eti ulibeba boriti ya daraja ukiwa umenyoosha mkono wa kreni kupita kiasi. Wewe, uliyenisomesha lile jedwali la mizigo mpaka nikalihifadhi! Tani hamsini ni za karibu na mashine tu, mkono ukienda mbali tani zinashuka, na hata hizo zinataka ardhi iliyo sawa na miguu mizima. Cheni ambayo mashine inatembelea, rola zinazoviringika ndani yake, pini za kuiunga, yote ya chini wewe uliyaita miguu. "Watu wote wanatazama mkono," ulisema. "Huku chini tunaangalia mimi na mbuzi wanaokuja kulala kivulini."

Jumamosi moja kabla ya ajali ulinilaza kwenye mchanga na buibui langu jipya unionyeshe rola ya tatu upande wa kulia. Ilikuwa inavuja mafuta. Ukasema ikikauka itakwama, cheni itaburutwa badala ya kuviringika, na siku mashine inakata kona na mzigo, cheni itatoka. Ukagusa pini ya cheni. "Hii bini inacheza." Nilicheka, nikasema pini, Aabo. Ukasema, "Iite unavyotaka, mradi iandikwe."

Na mimi kwenye fomu sikuandika.

Kila jioni ulinisimulia ulichokagua, nami nikaandika kwa Kiswahili kwenye daftari, ili baadaye nijaze fomu ya Kiingereza ya ofisini, ambayo wewe hukuweza kuisoma. Daftari lina kila kitu: rola inavuja, imekuwa ya moto, pini imelegea zaidi. Asubuhi nilimpa Abti fomu mlangoni alipokuja kukuchukua na pikapu, yeye akiwa msimamizi wa saiti. Siku moja akairudisha. Wewe ulikuwa bado unavaa viatu. Akasema polepole, "Abti, hapa andika good tu. Mashine ikisimamishwa, baba yako atakaa nyumbani na mimi nitaulizwa nilimleta wa nini." Nilimwamini. Kusema ukweli, niliogopa pia kumwambia mtu mzima hapana. Nikaandika good. Kesho yake good tena. Siku tisa, Aabo, na wewe ukaweka sahihi kila siku, ukasema mwandiko wangu unapendeza.

Ukawa unamwambia Mama, "Ofisi wameshasoma, wataleta rola." Ulikuwa unangoja jibu la kitu ambacho hakikufika. Hapo ndipo nashindwa kulala.

Sasa nashuku kila kitu. Mashine imelazwa kwenye yadi karibu na njia yangu ya shule. Jumatatu nilipita nikachungulia kwenye uzio: upande wa kulia kuna rola mbili mpya, nyeusi, hazina hata vumbi. Nani anaifungia maiti ya mashine rola mpya? Nilisimama mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikasema mbuzi.

Halafu mkaguzi wa ajali kutoka Nairobi alikuja nyumbani. Mama alikaa nyuma ya pazia, akasema kwa Kisomali kwamba ulilalamikia rola, wiki nzima, mpaka kwenye chakula. Abti ndiye aliyekuwa akitafsiri. Akasema, "Anasema mambo ya kazi hayajui." Nilisikia lugha zote mbili, Aabo. Mkaguzi akanigeukia: "Na wewe, msichana, una la kuongeza?" Nikatazama miguu yangu nikasema hapana. Abti akanishika bega pale mlangoni, kwa upole, akasema nimekuwa mkubwa. Tangu siku hiyo nalala na daftari chini ya mkeka.

Jana nilimwambia Mama yote, na ya good nikamwambia. Sikuweza kumtazama. Anjera, chapati yetu ya maji, ikaungua kikaangoni mbele yake. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Yule ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja." Akaondoa ile iliyoungua, akamwaga unga mwingine. "Lakini baba yako hawezi kujisemea. Nenda. Mwambie mkaguzi mimi nina eda, akitaka kuniuliza aje, na atafute mtu mwingine wa kutafsiri."

Mkaguzi atakuwa kwenye ofisi za kaunti Alhamisi. Najua Abti atakuwepo. Najua nitaulizwa kwa nini nilidanganya, na pengine wataandika kwamba kosa ni la binti. Waandike, kama ndivyo. Sikuombi unisamehe sasa, sijafanya bado.

Pumzika, Aabo. Allah akupanulie mahali ulipo. Nakuahidi hili: nitaomba zile fomu zitolewe, niziweke na daftari juu ya meza moja, niseme mwandiko wote ni wangu, lakini ukweli uko kwenye daftari, na ule ulikuwa wako. Nitasema kwa mdomo, si kwa karatasi. Wakiniambia sisikiki, nitarudia.

Binti yako,
Hodan