Mguu wa Sudi

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na nguo nilizofua jana bado mbichi kwenye kamba. Nimerudi Kimara kutoka mahakamani, nimevua viatu.

Leo nimetoa ushahidi kwenye kesi ya Hamisi, jirani yangu aliyeuawa getini kwake mwaka juzi, magharibi inaingia. Mie ndo nilimwona mtu akitoka pale. Nilimwona mgongo tu.

Askari walifika jioni ileile. Nikawaambia nimeona kitu. Wakachukua namba yangu, wakasema tutakuita. Basi nikangoja. Matanga yakaanuliwa, arobaini ikasomwa, masika yakaja yakaondoka.

Msibani, lakini, niliitwa kila saa. Kila mgeni akishalia na kutoa pole anauliza ilikuwaje, na mie nipo mkekani, nasimulia. Huyu anauliza, alikuwa mrefu eti? Yule anasema basi huyo ni Sudi wa nyumba ya pili, si waligombana kwa ule ukuta? Nami nasimulia tena. Sijui Sudi aliingia lini kwenye habari yangu.

Walipokuja kuandika maelezo yangu mwaka ulishakatika. Nikasema bila kusita kwamba yule mtu alikuwa anachechemea, mwendo wa Sudi kabisa. Sudi akakamatwa.

Leo wakili wake hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza kama nilienda kumjulia hali Sudi alipogongwa na bodaboda. Nikasema nilienda, nilimpelekea machungwa. Akauliza, kabla ya msiba wa Hamisi au baada?

Baada.

Nilitamka mwenyewe, ndipo nikajisikia. Hamisi anauawa, Sudi alikuwa mzima wa miguu yote miwili. Wakili akasema hana swali lingine, akakaa.

Sikudanganya. Hata sasa nikifumba macho yule mtu anachechemea, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nina hasira na wale askari pia, sifichi. Wangeniuliza jioni ileile ningewapa nilichokiona, basi, kabla mtaa mzima haujanisaidia kukumbuka.

Nje nilimkuta Bi Rehema, mama yake Hamisi, kwenye benchi. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Akaitikia, akanishika mkono.

"Siku ile, mwanangu, uliniambia alikimbia. Alikimbia mpaka kandambili ikamvuka."

Kandambili. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Na uwanja ule tuliufagia sie wenyewe usiku uleule, takataka zote tukachoma, ili tutandike mikeka ya msiba.

Nikamuuliza mbona muda wote huu hakunikumbusha.

"Nilidhani umekuja kukumbuka vizuri zaidi."



Sudi amerudishwa mahabusu. Kama si yeye, yuko kule kwa mdomo wangu. Kama ni yeye, nimemfungulia mlango leo. Vyovyote vile, kesho narudi kwa wakili wa serikali kumweleza nilichosema siku ya kwanza, na Bi Rehema ndiye pekee anayekikumbuka.

Nilimwambia kesi ya mwanawe inaweza kufia hapo hapo, asijulikane tena nani aliyemuua. Akasema nimpitie asubuhi mapema, atakuwa ameshavaa.