Dotto Kapelekwa Matembezi

Jumapili, 6 Julai 2025
Kesho Sabasaba. Wakwe zangu wanatoka kijijini kwao Chole kuja kumchukua Dotto, wampeleke Kisarawe kwenye bustani ya bembea. Mimi sikuambiwa niende. Mume wangu Seifu kapiga simu toka kazini, anasema niache roho ndogo, wazazi wake wamelea watoto nyumba nzima. Najua. Lakini huyu ndiye niliyebaki naye. Pacha wake alitangulia kutoka, hakulia. Mimi nilikuwa sijazinduka na dawa ya kupasuliwa. Mama mkwe akamfunga kwenye kanga, wakaenda kumzika kwao Chole. Kaburi sijawahi kuliona. Sijauliza pia — naogopa.

Jumatatu, 7 Julai
Wamekuja asubuhi na gari, noah ya jirani yao. Babu kavaa kofia mpya, anasema anakwenda fungate na mke wake Dotto, na mimi mama mkwe wake nisilete wivu. Nimecheka hata bila kupenda. Bibi hana utani. Nimempa shikamoo, kaitikia, "Marahaba, Mama Kulwa." Hapa mtaani Sofu wote wananiita Mama Dotto. Yeye peke yake hang'oki kwenye jina la yule. Wa kwanza ni wa kwanza, anasema, hata akiwa chini.

Jioni. Wamerudi. Bibi kasimama mlangoni, kasema, "Haya, tumewarudisha."
Nikatazama nyuma yake. Dotto tu, kalala begani kwa Babu, miguu mitupu.
Bibi anaendelea — wamekula vizuri, wamecheza mpaka wamechoka, bustanini hawakukaa sana, walipitiliza hadi Chole. Nikauliza akina nani. Babu akaangalia chini. Nikauliza viatu. Bibi kajibu kama mtu anayesema habari za mvua: Dotto kamwachia mwenzie.

Jumanne, 8 Julai
Nimempa Dotto kitumbua. Kakimega, nusu kaiweka mkekani, kisha kajisogeza kidogo, kama anampisha mtu akae. Jirani yangu Biubwa akacheka, akasema mtoto karudi na ukarimu wa ukweni, maana uchoyo ndio nilikuwa namfundisha mimi. Nikaingia ndani kidogo tu. Kutoka, ile nusu haipo. Nikasema kuku. Kuku nilikuwa sijawafungulia.
Seifu nimempigia. Kasema mama yake anaamini pacha aliyebaki lazima apelekwe kwa mwenzie wajuane, la sivyo yule wa chini atakuja kumfuata mwenyewe. Nikamwambia, kwa hiyo ulijua! Kasema mtandao unasumbua.

Alhamisi, 17 Julai
Nikimwita Dotto njoo, haji. Ananitazama tu. Leo mdomo umeteleza, nikasema njooni. Kaja mbio. Kaja mkono mmoja kaunyoosha pembeni, vidole kavikunja, vile watoto wanavyoshikana wakitoka shule.
Siiti tena. Nikimtaka namfuata nambeba.

Ijumaa, 8 Agosti
Nanenane. Niko Chole. Wakwe walimtaka tena Dotto, nikasema safari hii na mimi nipo. Bibi hakukataa. Kasema tu, "Umechelewa, lakini karibu."
Tumetandika mkeka uani, pilau iko motoni. Jua kali, watu wanapita njiani wanasalimia. Nimeonyeshwa kaburi, liko pale kwenye mikorosho. Dogo. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nililiangalia tu, nikaona limefagiliwa.
Dotto anacheza huko huko. Wanacheka. — Nimeandika nini? Anacheka. Yuko peke yake, anacheka.

Hayupo. Kicheko kimekatika, nimeita Dotto, kimya. Nimekimbia mpaka kule, mikorosho yenyewe michache, unaona hadi upande wa pili. Nimeita njooni. Kimya. Babu ametoka kuuliza nyumba za jirani, utani wote umemwisha. Nikataka kukimbia tena, Bibi kanishika mkono kanikalisha, ana nguvu huyu mama. Nimefungua daftari mikono ipate kazi, la sivyo nitapiga kelele.
Bibi anapakua pilau. Sahani mbili ndogo. Anasema polepole, hata uso haunyanyui:
"Huyo Dotto usimwite. Kashikwa mkono. Mwite aliyemshika. Jina lake hujalitaja hata mara moja tangu umzae, wenzio wote tumemwita ila wewe."
Kweli. Sijawahi. Hata moyoni nasema yule.
Nikimwita, akaitika, nitampeleka wapi? Nyumba yetu ni chumba na sebule. Nitamwambia nini Seifu. Na nisipomwita — mwanangu yuko wapi?
Babu anarudi, anatikisa kichwa. Mikono mitupu.
Bibi ananisogezea sahani zote mbili nizishike. Za moto. Nimeweka kalamu mdomoni, nimezishika, nimeziweka chini tena niandike hili: naogopa zaidi yule akiitika. Mungu anisamehe. Nasimama sasa. Ninaita