Migomba ya Handakini

Kikoneni

Juma, mjukuu wangu na mume wangu wa Nairobi,

Shikamoo yako nimeisoma, nami nakuitikia marahaba. Sote wazima, alhamdulillahi. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza vile vita vya Mjerumani na Mwingereza vilituachia nini. Vilituachia handaki, refu, katikati ya shamba letu. Baba yangu alishikwa akalichimba na wenziwe, kisha akabebeshwa mizigo ya askari hadi mbali. Ya huko hakutusimulia. Aliporudi, hakutaka hata kupita karibu nalo.

Mama akapika, akaita majirani waje na majembe kulifukia, maana kwetu kazi kubwa huitiwa watu. Mimi, msichana mdogo, niliwagawia maji. Mara baba akatokea, chipukizi la mgomba begani, akashuka mle ndani mwenyewe.

"Msifukie lote," akasema. "Mgomba hutaka shimo, na shimo nimeshalichimba."

Watu wakacheka, naye akacheka. Tangu arudi, sikuwa nimemsikia akicheka.

Ndizi ulizokulia zatoka humo. Jana alikuja rafiki yangu Mama Mutuku, mtu wa bara, aliyezikimbia fujo za mwaka juzi, watu wa bara walipofukuzwa huku pwani. Sasa amerudi kuishi kwake Bongwe, akaniomba machipukizi. Nilishuka kumng'olea, na uzee huu! Akaniambia nyumba yake iliungua, limebaki shimo la msingi tu.

"Basi nusu ya kazi imekwisha," nikamwambia. Tulicheka mpaka tukaketi chini.

Bibi yako,
Mwanamisi