Majina ya Babu Kwenye Posa ya Dada

Tororo, Jumapili, 1967

Fomu ya chuo bado iko wazi pale penye somo kuu, na kesho lazima iende posta. Mimi nataka historia. Baba anataka jiografia, maana anaamini madini ya vilima vya Osukuru yatanipa kazi.

"Historia ni habari za marehemu," alisema asubuhi, mbele ya wageni waliokuja kumposa dada. Iliniudhi. Nikaendelea kumimina chai.

Kisha wageni, watu wa Busia upande wa Kenya, wakaomba majina ya babu zetu saba, wahakikishe hatuna undugu nao. Baba akataja watatu, akakwama. Akakohoa. Kila mtu akamtazama.

Nikaweka birika chini, nikataja wanne waliobaki, na kila mmoja alikozaliwa.

"Basi hatuna undugu," mzee wao akasema. "Tuendelee."

Nilijua baba atanigombeza. Msichana kusema mbele ya wazee...

Jioni alinijia na kalamu yake ya wino. "Andika hiyo historia yako. Lakini ukiulizwa nani alikufundisha majina, sema ni baba yako."

Aliyenifundisha ni nyanya, mama yake. Nitasema ni baba.