Paipu za Maji za Gari la Baba

Kijijini, 4 Mei 1997

Mwanangu Lyuben,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, nawe umeshayazoea. Mkeo Eleni na tumbo lake hawajambo? Mwambie asisimame sana jikoni.

Theluji imekwisha, nimelitoa gari la marehemu baba yako. Kila asubuhi nakuta maji ya kijani sakafuni. Naongeza, yanapungua tena. Jirani yetu Ayshe anasema gari limefika umri wa kukojoa ovyo, tulisamehe tu. Lakini ni mimi ninayempeleka hospitali mjini kwa macho yake, na ule mlima unaujua. Niambie, fundi wangu, nitazame wapi?

Mama yako,
Tsvetana

Salonika, 19 Mei 1997

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Eleni anakula zeituni mchana kutwa na mtoto anampiga mateke.

Kwanza, usiguse kitu injini ikiwa ya moto, na mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji cha mbele, usiufungue kabisa mpaka ipoe. Asubuhi inua boneti. Utaona paipu mbili nene za mpira kati ya rejeta na injini, moja juu, moja chini. Ziminye. Paipu nzima hubonyea kidogo kisha hurudi. Ikilegea kama soseji iliyochemshwa kupita kiasi, imeoza ndani. Ikiwa ngumu na inatoa mlio ukiiminya, imekauka. Pitisha kidole karibu na klipu, ile pete ya chuma inayoikaza, maana hapo ndipo huvimba na kupasuka. Ukikuta moja mbovu, badilisha zote, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Nimempa dereva wa basi paipu mpya zote mbili akuletee. Usingoje.

Mwanao,
Lyuben

Kijijini, 8 Juni 1997

Mwanangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi naendelea vizuri, na nyanya zimeshika.

Mzigo umefika, ahsante. Nimeminya kama ulivyosema. Ya chini imekauka. Ya juu ni laini, na kando ya klipu imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nitazifunga wiki hii. Nawatumia mnanaa mkavu, Eleni anywe jioni.

Mama yako

Salonika, 20 Julai 1997

Mama, shikamoo.

Huku joto kali, ila tuko salama. Wewe je? Kimya chako kinanitia wasiwasi. Dereva wa basi anasema alikuona mlimani na gari linatoa mvuke. Paipu umezifunga au la? Kama mikono haina nguvu, mwite fundi. Kama unaogopa, liuze hilo gari uje ukae nasi. Unanijibu kwa kunyamaza, kama alivyokuwa akifanya baba.

Mwanao,
Lyuben

Kijijini, 3 Agosti 1997

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, na Ayshe mzima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Dereva hakukosea. Kwenye kona ya juu paipu ilipasuka, mvuke ukafunika kioo chote, sikuona barabara. Nilikanyaga breki. Gurudumu moja lilisimama kwenye kokoto za ukingoni. Ayshe, ambaye haoni vizuri hata siku njema, akasema taratibu, "Tsveta, kama unamfuata mumeo, mimi niteremshe kwanza." Tulicheka, kisha tukangoja mpaka lori la mbao likaja kutuvuta. Siku yake ya daktari ikapita. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Mikono yangu ina nguvu, Lyuben. Wala si woga. Ile paipu ya juu ilikuwa na kiraka. Baba yako aliizungushia mpira wa baiskeli na waya vuli ile ya mwisho, akasema kifike tu majira ya kuchipua, atanunua mpya. Hakufika yeye. Kila nilipoinua boneti na bisibisi mkononi, niliona ule waya alivyousokota, nikafunga boneti tena. Hakuna kitu kingine garini alichokigusa baada ya hapo.

Jumatatu niliikata. Ayshe alinishikia taa na kunisimulia udaku ili nisinyamaze. Ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilishangaa ilivyovumilia. Akaniuliza naiweka wapi. Nikamwambia, kwenye pipa la taka. Paipu mpya zote nimezifunga, na jana tumekwenda mjini na kurudi, sakafu kavu.

Usinikasirikie.

Mama yako,
Tsvetana

Salonika, 14 Agosti 1997

Mama, shikamoo.

Tuko wazima. Sijakasirika. Sikujua habari ya kiraka.

Barua yako ilifika karakana, nikaisomea chini ya gari la mteja, kwenye kivuli. Niliirudia mara tatu. Tajiri wangu akainama akaniuliza kama nimeona tatizo. Nikamwambia bado natazama.

Mwanao,
Lyuben